Askari Wahamiaji wa Kijapani wa Kanada Waliokufa Vitani Bila Makaburi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanaume 222 wenye asili ya Japani walivaa sare ya jeshi la Kanada na kupelekwa Ulaya. Kati yao, 54 waliuawa. Baadhi walizikwa katika makaburi yenye majina yao, na wengine hawakuacha hata kipande cha ardhi ambacho ndugu wangeweza kukiita kaburi. Maswali yaliyokusanywa hapa yanahusu hasa hao wa pili: walikuwa nani, walipotea vipi, na nchi iliyowanyima kura wakiwa hai iliwakumbuka kwa namna gani walipokufa.

Askari hawa walikuwa akina nani?

Wengi wao walizaliwa Japani na kuvuka Bahari ya Pasifiki wakiwa vijana, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kutafuta riziki katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Walivua samaki, walikata magogo, walifanya kazi katika viwanda vya mbao, katika migodi na kwenye njia za reli, na waliokuwa na bahati walifungua maduka katika mtaa wa Powell mjini Vancouver. Mwezi Septemba 1907 umati wa wazungu waliopinga wahamiaji kutoka Asia uliivamia mitaa ya Wachina na ya Wajapani mjini humo na kuvunja madirisha, na mwaka uliofuata Kanada na Japani zikakubaliana kupunguza idadi ya wanaume wa Kijapani walioruhusiwa kuingia.

Je, hawakuwa raia?

Wengi wao walikwisha kuomba na kupewa uraia, yaani walikuwa watu wa himaya ya Uingereza kisheria kama alivyokuwa mkulima yeyote wa Ontario. Hata hivyo, tangu 1895 sheria ya British Columbia ilikataza mtu mwenye asili ya Japani kuandikishwa katika daftari la wapiga kura, awe na uraia au asiwe nao. Tomekichi Homma, mhamiaji aliyekwisha kupata uraia, aliifikisha sheria hiyo mahakamani na kushinda nchini Kanada, lakini rufaa ilipofika kwenye Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya himaya, jimbo likashinda mwishoni mwa 1902. Kukosa kura kulimaanisha pia kufungiwa mlango wa baadhi ya kazi zilizomtaka mtu awe kwenye daftari hilo, kama vile uwakili.

Kwa nini basi walitaka kupigania nchi iliyowatendea hivyo?

Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na si haki kumsemea kila mtu. Japani ilikuwa na mkataba wa urafiki na Uingereza tangu 1902, na vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Kijapani zilisaidia kulinda pwani ileile ya British Columbia. Wengine walikwenda kwa ushujaa wa ujana, na wengine kwa mshahara. Lakini viongozi wa jumuiya hawakuficha hesabu yao: ingekuwa vigumu kumwambia mtu aliyemwaga damu kwa ajili ya Kanada kwamba hastahili kupiga kura. Yasushi Yamazaki, mwenye gazeti na kiongozi wa Chama cha Wajapani wa Kanada, ndiye aliyelisukuma jambo hilo mbele kuliko wote.

Ni kweli kwamba walikataliwa kwanza?

Ni kweli, na habari hii ndiyo inayowashangaza wasomaji wengi. Mwanzoni mwa 1916 chama hicho kiliwakusanya wanaume wapatao 200 mjini Vancouver, kikaajiri maofisa wa kuwafundisha gwaride na kulipia mafunzo kwa fedha za jumuiya yenyewe, kisha kikawapeleka kwa serikali ya Ottawa kama kikosi kilicho tayari. Jibu likawa hapana. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba idadi yao haikutosha kuunda batalioni, wala isingewezekana kuwapata wengine wa kuziba nafasi za watakaokufa. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo kwa upande wa hesabu, ila wanasiasa wa British Columbia walifahamu fika kwamba askari anayerudi kutoka vitani huja na madai, na dai la kwanza lingekuwa kura. Kikosi kikavunjwa.

Hapo ndipo wanaume wale walipopanda treni, kwa nauli zao, wakavuka milima ya Rocky hadi jimbo jirani la Alberta, ambako makamanda wa batalioni zilizopungukiwa na watu hawakuwa na anasa ya kuchagua. Waliandikishwa mmoja mmoja na kwa makundi madogo, na hatimaye wakajikuta wametawanywa katika vikosi kadhaa, wengi wao katika batalioni za 10, 50 na 52. Kwa hiyo anayetafuta leo kikosi cha Wajapani katika orodha ya jeshi la Kanada hatakipata.

Walipigana wapi?

Walipigana Ufaransa na Ubelgiji. Baadhi walikuwepo kwenye kilima cha Vimy, kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia tarehe 9 Aprili 1917, ambako Wakanada 3,598 waliuawa katika siku nne. Mwezi Agosti mwaka huohuo walikuwa Hill 70, karibu na mji wa Lens, na baadaye katika matope ya Passchendaele, Ubelgiji, na mapigano ya 1918 yaliyomaliza vita. Zaidi ya kumi kati yao walipewa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa, idadi kubwa kwa kundi la watu 222.

Hill 70 inastahili neno la ziada. Sajini Masumi Mitsui wa batalioni ya 10, aliyezaliwa Tokyo na kuhamia Kanada mwaka 1908, aliingia katika mapigano hayo akiongoza watu 35, na walipotoka ni 5 tu waliokuwa hawana jeraha. Tutamrudia Mitsui hapo chini.

Inawezekanaje askari afe katikati ya wenzake, kisha asiwe na kaburi?

Kwa vita vile, jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi cha kutisha. Wauaji wakubwa walikuwa mizinga, si bunduki, na kombora likimwangukia mtu mara nyingi halikuacha mwili wa kuzika. Wengine walianguka kati ya mahandaki ya pande mbili, mahali ambapo mwenzake aliyethubutu kumfuata angelala pale pale pamoja naye. Wengine walizikwa vizuri kabisa, kwa sala na msalaba wa mbao, halafu mstari wa mapigano ukarudi juu ya makaburi yao, mizinga ikakifukua kilichozikwa na kukitawanya. Passchendaele waliokuwa wamejeruhiwa waliweza kuzama katika mashimo ya makombora yaliyojaa maji.

Kulikuwa pia na sababu ndogo ya kiofisi iliyofanya kazi kubwa ya kufuta majina. Mwanzoni mwa vita, askari katika majeshi ya himaya ya Uingereza alivaa shingoni kibati kimoja tu cha utambulisho. Akifa, kibati kilivuliwa ili taarifa ipelekwe makao makuu, na marehemu akabaki bila kitu cha kumtambulisha. Ni katika nusu ya pili ya 1916 ndipo walipoanza kupewa vibati viwili, chekundu cha kuvuliwa na cha kijani cha kubaki na mwili. Hata hivyo, vipya hivyo vilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa, si madini, na katika udongo wenye maji vilioza. Ndiyo maana makaburi mengi yana jiwe linalosema tu kwamba aliyelala hapo ni askari wa Vita Kuu anayejulikana na Mungu peke yake. Maneno hayo yalichaguliwa na mwandishi Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee alitoweka katika mapigano ya Loos mwaka 1915.

Kwa nini miili iliyopatikana haikurudishwa Kanada au Japani?

Kwa sababu ilikatazwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Himaya, iliyoanzishwa Mei 1917 chini ya uongozi wa Fabian Ware, ilishikilia kwamba hakuna mwili utakaosafirishwa kurudi nyumbani, kwani wenye fedha wangewarudisha watoto wao na maskini wangeachwa wakililia ng'ambo. Kwa kanuni hiyohiyo tume iliamua kwamba mawe ya makaburi yafanane, bila kutofautisha cheo, ukoo wala mali. Familia nyingi za Uingereza zilipinga kwa hasira. Kwa mhamiaji uamuzi huo ulikuwa na uzito wa namna yake, maana wazazi wa askari aliyetoka kijiji cha Japani walitenganishwa na mwanao kwa mabahari mawili, na safari ya kwenda Ufaransa kuliona jiwe lake haikuwa jambo la kufikirika.

Kama hakuna kaburi, jina lake limeandikwa wapi?

Inategemea alifia wapi. Mkanada aliyefia Ubelgiji bila kaburi linalojulikana ameandikwa kwenye Lango la Menin mjini Ypres, lililozinduliwa tarehe 24 Julai 1927, ambalo lina majina zaidi ya 54,000 ya wanajeshi wa himaya, wakiwemo Wakanada wapatao 6,900. Tangu 1928, isipokuwa miaka ya uvamizi wa Wajerumani katika vita vya pili, tarumbeta hupigwa chini ya lango hilo kila siku saa 2 usiku kwa heshima ya wote walioandikwa.

Aliyefia Ufaransa ameandikwa kwenye mnara wa Vimy. Mnara huu ulibuniwa na mchongaji Walter Allward, ukajengwa kwa zaidi ya miaka 10 kwa mawe yaliyoletwa kutoka machimbo ya Kroatia ya leo, na kuzinduliwa na Mfalme Edward VIII tarehe 26 Julai 1936. Kwenye kuta zake yalichongwa majina 11,285.

Je, jina la mhamiaji limetengwa au kuandikwa kwa namna tofauti?

Hapana, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo muhimu kuliko yote kuhusu Vimy. Majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, ukuta baada ya ukuta, bila kufuata batalioni, kabila, dini wala mahali pa kuzaliwa. Jina la Kijapani linasimama kati ya jina la Kiskoti na la Kiukraini, kwa herufi za ukubwa uleule na kina kilekile. Mwaka 1936 mtu mwenye asili ya Japani aliyeishi Vancouver hakuweza kuketi bungeni, wala, kama hakuwa askari wa zamani, kupiga kura. Kwenye jiwe la Ufaransa marehemu ndugu yake alikuwa tayari Mkanada kamili. Usawa huo ulimfikia akiwa hauhitaji tena, na sioni sababu ya kuusifu bila kutaja tarehe.

Familia zilipewa nini?

Ndugu wa karibu walipewa bamba la duara la shaba lenye jina la marehemu, ambalo nalo halikuonyesha cheo chake, na kuanzia Desemba 1919 Kanada ilitoa msalaba wa fedha kwa mama na mjane wa aliyekufa. Kwa nyumba isiyokuwa na kaburi la kuzuru, vitu hivyo viwili ndivyo vilivyobaki vya kushikwa mkononi.

Je, kuna ukumbusho wa Wajapani wenyewe?

Upo, na ulitangulia Vimy kwa miaka 16. Jumuiya ya Wajapani ilichangishana fedha na kujenga katika bustani ya Stanley Park, Vancouver, nguzo ya mawe meupe yenye taa juu yake, chini ya kipaa cha mtindo wa Kijapani. Ilizinduliwa tarehe 9 Aprili 1920, siku ya kutimia miaka mitatu ya mapigano ya Vimy. Majina ya waliouawa yapo hapo, wenye makaburi na wasio nayo kwa pamoja, na taa iliwekwa ili iwake daima.

Kura waliyoitafuta ilichukua miaka 11 zaidi. Mwaka 1931, baada ya askari wa zamani kwenda wenyewe kuwashawishi wabunge mjini Victoria, makao makuu ya jimbo, bunge la British Columbia liliwapa haki hiyo kwa tofauti ya kura moja. Waliopewa ni askari wale wachache tu. Wake zao, watoto wao na majirani zao walisubiri hadi 1949.

Kabla ya hapo kilitokea kilichokuwa kibaya zaidi. Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya manowari za Marekani, Desemba 1941, taa ya Stanley Park ilizimwa. Mwaka 1942 watu zaidi ya 21,000 wenye asili ya Japani waliondolewa pwani kwa amri ya serikali, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Kanada, na mashamba, mashua na nyumba zao zikauzwa bila ridhaa yao. Askari wa Vimy na Hill 70 hawakusamehewa. Masumi Mitsui, aliyekuwa na shamba la kuku huko Port Coquitlam, alifika mbele ya maofisa akiwa na nishani zake, akazibwaga sakafuni akiuliza zina faida gani. Shamba lilikwenda. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi tarehe 22 Septemba 1988 na kuwalipa waathiriwa waliokuwa bado hai dola 21,000 kila mmoja. Mitsui hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 99. Lakini mwezi Agosti 1985, taa ya Stanley Park ilipowashwa tena, yeye ndiye aliyeiwasha.

Askari asiye na kaburi anaweza kupatikana leo?

Anaweza. Wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa na wajenzi wa barabara na majengo bado hukuta mifupa, na tangu 2007 jeshi la Kanada lina mpango maalumu wa kuitambua, kwa kulinganisha kumbukumbu za kikosi, vitu vilivyokutwa na mwili, vipimo vya mifupa na vinasaba vya ndugu. Katika kijiji cha Hallu, mabaki ya askari 8 yaligunduliwa kwenye bustani ya nyumba mwaka 2006 na 2007. Watano walitambuliwa kwa majina, na wote 8 walizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Caix mwezi Mei 2015.

Kwa askari wahamiaji kazi hii ina ugumu wake. Vinasaba huhitaji ndugu wa kulinganishwa naye, na ndugu wa kijana aliyeondoka Japani kabla ya 1914, akafa bila mke wala mtoto, ni vigumu kuwapata kuliko wa kijana wa Toronto.

Je, Askari Asiyejulikana wa Ottawa anaweza kuwa mmoja wao?

Mwezi Mei 2000 mabaki ya Mkanada asiyejulikana yalitolewa katika makaburi ya Cabaret-Rouge, karibu na Vimy, na kuzikwa upya tarehe 28 mwezi huo chini ya mnara wa taifa mjini Ottawa. Maana ya kaburi hilo ni kwamba jina halitafutwi. Anaweza kuwa yeyote kati ya waliopotea, na Wajapani wamo katika hao waliopotea.

Askari na wapagazi wa Afrika Mashariki walikumbukwa kwa kanuni hiyohiyo ya usawa?

Hawakukumbukwa hivyo, ingawa tume iliyohusika ni ileile. Katika vita vya Afrika Mashariki, makaburi mengi ya Waafrika yaliachwa yapotee porini, na badala ya kuandika majina, tume ilisimamisha sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, mwaka uleule wa Lango la Menin. Anayepita leo kwenye sanamu hiyo hataliona jina la hata mtu mmoja aliyekufa, na mpagazi anakumbukwa zaidi na jina la mtaa wa Kariakoo, linalotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, kuliko na jiwe lolote. Ripoti iliyotolewa na tume hiyo mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Tofauti hii inaonyesha jambo ambalo jiwe la Vimy peke yake linaweza kulificha. Mhamiaji wa Kijapani alipata nafasi yake ukutani kwa kuwa aliandikishwa kama askari wa kawaida wa Kanada, akiwa na faili, namba na anwani ya ndugu. Mpagazi wa Tanganyika au Kenya alichukuliwa kama nguvu kazi, na waliomtumia hawakuona haja ya kutunza jina lake.

Ninatafuta jina la askari mhamiaji wa Kanada. Nianzie wapi?

Anza na hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (ndiyo ile Tume ya Himaya, kwa jina lake la sasa), ambayo ni ya bure na huonyesha kama mtu ana kaburi au ameandikwa kwenye mnara, pamoja na sehemu ya ukuta lilipo jina lake. Kisha nenda kwenye Maktaba na Nyaraka za Kanada, ambako mafaili ya askari wa vita vya kwanza, zaidi ya 600,000, yamewekwa mtandaoni. Humo utakuta fomu aliyoijaza siku ya kuandikishwa, mahali alipozaliwa, kazi aliyofanya na jina la ndugu wa kuarifiwa. Kumbukumbu ya Vita ya Mtandaoni ya Kanada hupokea pia picha na barua kutoka kwa umma.

Usikate tamaa jina lisipotokea mara ya kwanza. Makarani waliozoea Kiingereza waliandika majina ya Kijapani, ya Kirusi na ya Kipunjabi kama walivyoyasikia, na wakati mwingine jina la ukoo liligeuzwa kuwa la kwanza. Jaribu tahajia kadhaa, na ukishaipata namba yake ya jeshi, tafuta kwa namba hiyo badala ya jina, kwa sababu namba haikubadilika hata pale ambapo jina lilikosewa katika kila karatasi.